Kemia au biolojia? Pima maisha ya darasani kabla ya kuchagua

Mwanafunzi wa sekondari anayetakiwa kubaki na somo moja kati ya kemia na biolojia huanza na swali hili: lipi rahisi? Humuuliza kaka, dada, au rafiki aliyemtangulia kidato, na kila mmoja humjibu kulingana na alama alizopata yeye. Aliyependa hesabu atamwambia kemia ni mteremko. Aliyependa kusoma na kuchora atamwambia biolojia haina shida. Wote wawili wanasema kweli, na muulizaji anabaki pale pale alipokuwa.

Mimi hufundisha masomo yote mawili, na ningependa swali hilo liwekwe kando. Masomo haya yana uzito unaokaribiana. Kinachotofautiana ni namna yanavyochosha. Kemia huchosha kwa kukutaka usiruke hatua hata moja. Biolojia huchosha kwa wingi wa mambo ya kushika na kwa kukudai uyaeleze kwa maneno yaliyonyooka. Uchovu huo utakuwa nao kila wiki kwa miaka kadhaa. Afadhali uujue mapema.

## Vigezo vya ulinganisho huu

Nitayapima masomo haya kwa mambo sita: kipindi cha kawaida darasani, kazi ya maabara, kujisomea, hali inayokupata ukibaki nyuma, namna mtihani unavyotoa alama, na njia zinazofunguka baadaye. Si mambo yenye uzito sawa. Kwangu mimi la nne, la kubaki nyuma, ndilo linaloamua zaidi ya yote, ingawa wanafunzi wachache sana hulifikiria wakati wa kujaza fomu.

## Kipindi cha kawaida

Katika kemia, ubao hujaa alama na tarakimu. Mwalimu anafanya mfano mmoja, darasa linafanya wa pili, halafu anapita katikati ya madawati akitazama madaftari. Kipindi huwa kimya, kalamu zinaandika na vikokotoo vinabonyezwa. Kazi kubwa ya miezi ya mwanzo ni kusawazisha milinganyo, na hapo ndipo mtu hujua kama somo linamkubali. Chukua maji. Mwanafunzi anaandika H₂ + O₂ → H₂O, anaona oksijeni ni mbili kushoto na moja kulia, basi anaongeza 2 ndogo: H₂O₂. Atomu sasa zinalingana pande zote, naye anafurahi. Lakini alichoandika si maji tena, ni haidrojeni peroksaidi, kemikali inayotumika kupaushia vitu. Jibu ni 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Tarakimu ndogo ni sehemu ya dutu yenyewe na haiguswi; inayobadilishwa ni ile kubwa ya mbele. Mwanafunzi anayeona tofauti hiyo na kuifurahia atapata raha katika kemia. Anayeiona kama usumbufu usio na maana, ajue kwamba mengi yanayofuata ni ya namna hiyo.

Kipindi cha biolojia kina sauti zaidi. Wanafunzi huuliza maswali kuhusu miili yao wenyewe, kuhusu ndugu wanaofanana au wasiofanana, kuhusu magonjwa. Mwalimu huchora na darasa huchora. Tukifika kwenye moyo, kwa mfano, damu inafuatwa njia nzima: inaingia atiria ya kulia, inashuka ventrikali ya kulia, inakwenda mapafuni, inarudi upande wa kushoto, kisha inasukumwa mwilini kupitia aota. Halafu linakuja swali linalotenganisha waliosikiliza na walionakili tu: kwa nini ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia? Kwa sababu wa kulia unasukuma damu hadi mapafuni, hapo jirani, na wa kushoto unaisukuma mwili mzima. Biolojia imejaa maswali ya namna hii, ambapo umbo linaelezwa na kazi.

Ila usidanganyike na mazungumzo hayo. Nyuma yake kuna msamiati mwingi, na maneno yanayokaribiana sana. Mitosisi na meiosisi zote ni namna za seli kugawanyika. Mitosisi hutoa seli mbili zenye idadi ile ile ya kromosomu, 46 kwa binadamu. Meiosisi hutoa seli nne zenye nusu yake, 23. Ukichanganya majina hayo mawili, ukurasa mzima wa majibu unapotea.

## Maabara

Hapa ndipo masomo haya yanapoachana kabisa, na hapa ndipo wengi hubadili mawazo.

Kazi inayokumbukwa zaidi katika maabara ya kemia ni titresheni, yaani kupima ni asidi kiasi gani inayotosha kumenyuka na alkali yote uliyoiweka. Unapima sentimita za ujazo 25 za myeyusho wa haidroksaidi ya sodiamu kwa pipeti, unaumimina kwenye chupa ya koni, unadondosha kiashiria cha fenolfthaleni na myeyusho unakuwa wa waridi. Juu yake kuna bureti, mrija mrefu wenye vipimo na koki, iliyojazwa asidi. Kabla ya kuanza, unaondoa faneli uliyojazia bureti, kwa sababu tone likibaki ndani yake na kudondoka katikati ya kazi, kipimo chako kimeharibika bila wewe kujua. Unahakikisha hakuna kiputo cha hewa kwenye ncha. Unainama hadi jicho lilingane na uso wa kimiminika, na unasoma pale chini kabisa ya mbinuko wake. Kisha unafungua, mkono mmoja kwenye koki na mwingine ukizungusha chupa juu ya karatasi nyeupe. Ukikaribia mwisho unapunguza mpaka tone moja moja. Tone moja linaondoa rangi yote. Ukizidisha, hakuna kurudi nyuma. Unamwaga, unaosha vyombo, unaanza tena. Na hata ukifanya vizuri, bado unarudia, kwa sababu unatakiwa kupata vipimo vinavyokaribiana, kwa kawaida visivyopishana zaidi ya sentimita ya ujazo 0.10.

Kuna wanafunzi wanaotulia kabisa wakati wa kazi hii, na kuna wengine ambao mikono huwatetemeka na kuichukia. Wote hujifunza, lakini furaha yao si sawa.

Upande mwingine wa maabara ya kemia ni utambuzi wa chumvi usiyoijua. Ukiongeza haidroksaidi ya sodiamu, mashapo ya bluu yanaashiria shaba, ya kijani kibichi kilichofifia ni chuma cha hali ya pili, ya hudhurungi yenye wekundu ni chuma cha hali ya tatu. Kwenye mwali, sodiamu ni njano kali, potasiamu ni zambarau hafifu, kalsiamu ni nyekundu ya tofali. Njano ya sodiamu ina nguvu kiasi cha kuificha zambarau ya potasiamu, ndiyo maana hutazamwa kupitia kioo cha bluu. Hii ni kazi ya upelelezi, na hata wasiopenda hesabu huipenda. Usalama nao una sheria zisizojadiliwa: miwani ya kinga muda wote, na asidi kali humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi.

Maabara ya biolojia inadai subira ya aina nyingine. Somo la kwanza la hadubini huwa ni ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu. Unaibandua kwa kibano, unailaza kwenye slaidi juu ya tone la maji, unatia iodini kidogo, kisha unashusha kifuniko cha kioo taratibu kwa kuanzia ubavu mmoja ili hewa itoke. Ukikiangusha kwa pupa, vinaingia viputo, na kila darasa lina mwanafunzi anayeita wenzake waje waone "seli" ambayo ni duara kamili lenye ukingo mweusi mnene. Hicho ni kiputo. Seli za kitunguu ni ndefu, zimepangana kama matofali, na ndani ya kila moja kuna kiini kilichopata rangi ya iodini. Unaanza na lenzi ndogo, unaitafuta picha, ndipo unapanda. Lenzi ya jicho ya mara 10 na lenzi iliyo karibu na slaidi ya mara 40 hukupa ukuzaji wa mara 400.

Halafu inakuja kuchora, na hapa ndipo wengi hushangaa. Mchoro wa biolojia hauna kivuli wala mapambo. Ni penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, mistari ya majina iliyonyooshwa kwa rula bila kukatizana, na ukuzaji ulioandikwa. Unachora unachokiona kwenye slaidi yako, si kile cha kitabuni. Mwanafunzi hodari wa sanaa anaweza kupoteza alama kwa kupendezesha, na asiyejiona mchoraji akapata zote kwa kuwa mwaminifu kwa jicho lake.

Majaribio mengine ya biolojia hayamalizwi siku moja. Ili kuthibitisha kwamba jani linahitaji mwanga kutengeneza wanga, mmea huwekwa gizani kwanza, siku moja au mbili, wanga uliokuwamo uishe. Kisha sehemu ya jani hufunikwa na mmea hurudishwa kwenye mwanga. Baadaye jani huchemshwa, huondolewa rangi ya kijani kwa alkoholi moto iliyowekwa ndani ya maji moto huku moto wenyewe ukiwa umezimwa, kwa sababu mvuke wa alkoholi hushika moto haraka. Ndipo iodini inatiwa: palipopata mwanga panageuka bluu iliyokaribia weusi, palipofunikwa panabaki rangi ya iodini. Mmea ukinyauka katikati, umepoteza siku kadhaa.

Na kuna upasuaji wa vielelezo. Baadhi ya madarasa hupasua maua tu, mengine hupasua wanyama wadogo au ogani kama moyo na figo. Kama jambo hilo linakutisha au linagusa imani yako, muulize mwalimu wako mapema anafanyaje. Ni swali la haki, na halipaswi kukuondoa kwenye somo ambalo sehemu nyingine zote unazipenda.

## Kujisomea

Kemia haisomwi bila kalamu. Unaweza kusoma sura ya moli mara kadhaa, ukaielewa kila sentensi, na bado ukashindwa swali la kwanza. Unakutana na moli ikiwa ni idadi, 6.022 × 10²³ ya chembe, na unaikariri. Lakini kazi yake inaonekana unapoitumia. Turudi kwenye titresheni yetu. Sentimita za ujazo 25 za haidroksaidi ya sodiamu yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita zina moli 0.0025. Kama umetumia sentimita za ujazo 20 za asidi haidrokloriki, na zinamenyuka moli moja kwa moli moja, basi asidi nayo ilikuwa na moli 0.0025, ukolezi wake ukiwa moli 0.125 kwa lita. Mistari mitatu tu. Mwanafunzi aliyefanya maswali mengi ya namna hii huyaandika bila kusita. Aliyesoma tu hukwama kwenye kugeuza sentimita za ujazo kuwa lita.

Watu husema kemia haina kukariri, na si kweli. Alama za elementi, chaji za ayoni, rangi za mashapo, mpangilio wa metali kwa wepesi wa kumenyuka: yote hayo lazima yakae kichwani, kwa sababu hesabu hazianzi bila hayo.

Kinyume chake, watu husema biolojia ni kukariri tupu. Nalo si kweli. Ukiulizwa kwa nini mche ulionyunyiziwa mbolea nyingi kupita kiasi unanyauka hata kama udongo una maji, hakuna ukurasa wa kukariri utakaokuokoa. Lazima uione osmosisi ikifanya kazi: udongo una chumvi nyingi kuliko mizizi, hivyo maji yanatoka kwenye mizizi badala ya kuingia. Hesabu pia zipo. Gregor Mendel, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1866, alipata mimea ya njegere 705 yenye maua ya zambarau na 224 yenye maua meupe, karibu tatu kwa moja, na kutokana na uwiano huo akaeleza namna tabia zinavyorithiwa. Mwanafunzi anayekimbilia biolojia ili akwepe namba atazikuta huko zinamsubiri, ingawa chache.

Namna nzuri ya kujisomea biolojia ni kufunga kitabu na kuchora upya kutoka kichwani, au kumweleza mtu kwa sauti. Kupaka rangi mistari ya kitabu hukupa hisia ya kujua bila kujua kwenyewe. Tena biolojia inataka kidogo kidogo kila siku. Wingi wake haukubali usiku mmoja wa kukesha.

## Ukibaki nyuma

Tuseme umeugua wiki mbili. Katika kemia, kama wiki hizo ndizo zilizofundishwa moli, umepata deni linalozaa riba. Titresheni itakushinda, ukokotoaji wa gesi utakushinda, nishati ya mmenyuko itakushinda, na utadhani kila mada mpya ni ngumu kumbe ni ile moja ya zamani inayokurudia. Nimeona wanafunzi wenye akili nzuri wakiamini hawana kipaji cha kemia, kumbe pengo lao lilikuwa moja tu na lilizibika kwa siku chache za kukaa na mtu mvumilivu. Hilo ndilo jema la kemia: tatizo huwa na mahali pake, na ukipapata, mada zilizofuata zinafunguka zenyewe.

Biolojia husamehe zaidi mwanzoni. Ukikosa mada ya lishe ya mimea, bado unaweza kuingia mfumo wa fahamu na kuelewa. Zipo zinazotegemeana: jenetiki haikubali bila meiosisi, na difyusheni na osmosisi hujitokeza karibu kila mahali. Lakini kwa jumla mlango wa kila mada uko wazi. Hatari yake ni kwamba pengo halipigi kelele. Mtu anaahirisha mada moja, halafu nyingine, anaendelea kufaulu majaribio madogo, na mwisho wa mwaka anajikuta ana nusu ya kitabu ya kusoma kwa pamoja. Hakuna pengo moja la kuziba hapo. Yako mengi, na yote yanataka muda.

Kwa hiyo jipime kwa ukweli. Kama huwa unakosa shule mara kwa mara kwa sababu za kiafya au za kifamilia, biolojia itakuvumilia zaidi wiki kwa wiki, na kemia itakuhitaji uwe na mtu wa kukufundisha ulichokosa kabla hujaendelea.

## Mtihani

Kemia hutoa alama kwa hatua. Ukionyesha njia vizuri na ukakosea tarakimu mwishoni, mara nyingi unapata sehemu kubwa ya alama. Ukiandika jibu tupu lililokosewa, hupati kitu. Vipimo vikisahaulika, alama hupungua.

Biolojia hutoa alama kwa usahihi wa maneno. Swali linasema eleza namna oksijeni inavyofika kwenye damu. Mwanafunzi anajaza nusu ukurasa kuhusu umuhimu wa kupumua na anapata alama moja. Mwenzake anaandika kwamba oksijeni inasambaa kutoka vifuko vya hewa, ambako ukolezi wake ni mkubwa, kuingia kapilari, ambako ni mdogo, kupitia kuta nyembamba zenye unyevu. Sentensi moja, alama zote. Anayeandika vizuri na kwa ufupi ananufaika sana hapa.

## Mbele ya safari

Uhandisi wa kemikali, famasia, uchimbaji madini na utengenezaji wa bidhaa viwandani huegemea kemia. Uuguzi, kilimo, mifugo, uhifadhi wa wanyama na mazingira huegemea biolojia. Udaktari kwa kawaida hutaka yote mawili au angalau kemia yenye alama nzuri, jambo linalowashtua wengi waliodhani ni biolojia pekee. Masharti hutofautiana kati ya chuo na chuo, basi soma ya chuo unachokitaka kabla ya kuacha somo lolote.

## Uamuzi kwa hali yako

Unapenda jibu linalojulikana kuwa sahihi au si sahihi, hesabu za uwiano hazikutishi, na unaweza kurudia kazi ile ile bila kukasirika: kemia itakupa raha ya kila siku.

Unapenda kusoma na kueleza, unauliza kwa nini kuhusu viumbe hata nje ya darasa, na una mazoea ya kujisomea kidogo kila jioni: biolojia itakufaa. Kama mazoea hayo huna, yajenge kwanza kabla hujaichagua kwa sababu ya mazungumzo yake mazuri.

Unapenda biolojia lakini unalenga udaktari, famasia au utafiti: usiiache kemia. Ukiweza kubeba yote mawili, utakuta yanasaidiana. Aliyejifunza kwamba kila hatua moja ya pH, kipimo cha uasidi, ni tofauti ya mara kumi ataelewa haraka kwa nini pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachofanya kazi vizuri kwenye pH ya karibu 2, kinasimama kikifika utumbo mdogo ambako asidi imebatilishwa. Gharama yake ni muda: majedwali mawili ya maabara, ripoti mbili, na wiki ambazo zote zinadaiwa siku moja.

Unavutwa na kemia lakini hesabu zako zina mapengo: shughulikia uwiano, desimali na kubadili fomula kabla muhula haujaanza. Hisabati ya kemia ya sekondari haiendi mbali zaidi ya hapo, na mapengo hayo yanazibika.

Unachagua kwa sababu ya mwalimu fulani: ni sababu inayoeleweka, kwani mwalimu mzuri huleta tofauti kubwa. Hakikisha tu kwamba ndiye atakayefundisha mwaka ujao.

Bado hujui: omba kukaa kipindi kimoja cha maabara katika kila somo, kisha nyumbani fanya maswali matano ya moli na mchoro mmoja wa moyo kutoka kichwani, ukisahihisha kwa kitabu. Angalia ni ipi uliyoirudia ulipokosea bila mtu kukuambia, na mpelekee mwalimu wa somo hilo kazi yako aitazame kabla hujajaza fomu.